Kuwasha ni Mteremko, Kufa Ndio Ngori

Jumamosi, saa tatu kasoro usiku, geimu iko dakika ya sabini, na ploti yetu ya Kayole imenyamaza ghafla. Si ile kunyamaza ya wasee kulala. Ni ile ya waifai kuzima. Sekunde kumi baadaye nikaanza kuskia jina yangu kutoka flo ya tatu, alafu flo ya nne, alafu kwa balkoni ya jirani mwenye hatujawahi hata kugoteana.

Wacha nikupange na risto yote. Bro yangu ni ajenti wa waifai ya mtaa. Ukitoa mbao kwa M-Pesa unafunguliwa masaa kadhaa, ukitoa soo unakaa nayo siku mzima mpaka majirani wanaanza kukuchekea. Mwanzo hiyo kazi ya kufungulia watu ilikuwa ya mkono: mse analipa, bro anacheki meseji, anaingia kwa rauta, anafungua. Bro akidoz, mteja anabaki amelipa na hana kitu. Mi nikajiona nimechanuka, nikaandika skripti ya Python yenye inasoma malipo zikiingia na kuambia rauta ifungue yenyewe. Tukaipanga kwa desktop mzee tulitoa Luthuli Avenue, tukaificha chini ya ngazi bila skrini, na mi nikawa naiendesha nikiwa kejani, lapi yangu ikiongea na hiyo desktop kupitia SSH, njia ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali.

Buda, ilikuwa inatesa. Ijumaa yote nilikaa nikicheki malipo zikipita kwa terminali moja moja, kama abiria wakipanda mat ya asubuhi. Jumamosi ubao ukanishika. Nikafunga dirisha la terminali, nikateremka kibandaski kusaka chapo madondo. Nilidhani nimefunga dirisha. Kumbe nimefunga biashara.

Niliporudi soja wa ploti alikuwa amesimama kwa ngazi na tochi yake, mzee wa rika ya guka yangu, koti hadi kwa magoti.

"Kijana, hii mashine yako inafanya kazi ukiwa unaiangalia peke yake?"

"Ndio, mzee. Nikitoka kwa hiyo dirisha inazima."

Akazima tochi, akafikiria. "Basi hapo hujaweka mlinzi. Umeweka mtoto wa nasari."

Hiyo ilinidunda kushinda kelele ya flo ya nne. Na ndio ilinipeleka kusoma kitu inaitwa dimoni.

Jina la kutisha, kazi ya upole

Dimoni ni programu yenye inaishi nyuma ya pazia. Haina dirisha, haina batani, haingoji mtu abonyeze kitu. Kompyuta ikiwaka, nayo inawaka. Inakaa hapo ikisikiza, kitu ikitokea inachapa kazi, ikimaliza inarudi kusikiza. Ukiisaka kwa intaneti iandike daemon, na usishangae ukipata na mahubiri.

Mathe alikam kuniona hiyo wiki, akachungulia kwa lapi, akakuta hilo neno kwa herufi kubwa.

"Hii ni nini unaandika, na mimi nimekulea kanisani?"

"Mathe, tulia. Hii haina pembe."

Hapo nilikuwa nimedanganya kidogo. BSD, mfumo wa kompyuta wenye ni binamu ya Linux, iko na kinyago chake: ka-shetani kekundu, kako na pembe, kameshika uma mrefu na kamevaa raba miguuni. Sikumwonyesha.

Lakini jina halikutoka kwa shetani. Lilianza 1963 huko MIT, Marekani, kwa mradi unaitwa Project MAC, timu ya Fernando Corbató ikichapa kazi kwa mashine ya IBM 7094. Walikuwa na programu zinafanya mboka chini ya maji bila kusukumwa, na moja ya zile za kwanza ilikuwa inatoa kopi za mafaili na kuziweka kwa tepu yenyewe. Wakasaka jina, wakaokota kutoka kwa fizikia. James Clerk Maxwell, msomi wa Scotland, mwaka wa 1867 alifikiria ka-kiumbe kanakaa kwa mlango mdogo katikati ya vyumba viwili vya hewa. Molekuli ikikuja na mbio kanaipitisha huku, ikikuja imezubaa kanaipitisha kule, usiku na mchana. Sasa niambie, huyo si ni soja wa geti tu?

Ukijua hivyo utaanza kuziona kila mahali. Ingia kwa Linux uandike ps aux, utakuta jeshi ya majina yanaishia na d, kama jina la ukoo: sshd inangoja watu wanaingia kutoka mbali, crond inaamsha kazi za saa, httpd inatumikia kurasa za wavuti. Windows wako nazo chini ya jina lingine. Simu yako ya Android ni Linux ndani, nayo imejaa hizi vitu. Ile notifikeshoni ya mahewa yenye inakaa kwa skrini iko hapo kwa sababu tangu Android 8, ya 2017, programu ikidai kuchapa kazi nyuma kwa muda mrefu inalazimishwa ikuonyeshe uso wake. Vinginevyo mfumo unaizima ili betri isikauke.

Kuhama kwa mathe mara mbili

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa ya haraka. Mjamaa fulani wa saiba aliniambia niandike nohup mbele ya amri na alama ya & nyuma. Nikaandika, nikafunga dirisha, skripti ikabaki hai. Nikaenda kulala kama mdosi.

Hapa kuna risto tamu. Zamani terminali ilikuwa inaweza kuunganishwa na kompyuta kwa laini ya simu. Ukikata simu, keneli, ule moyo wa mfumo, unatumia programu zako signali inaitwa SIGHUP. Maana yake ni moja: mwenyewe amekata laini, ishieni. Siku hizi hakuna simu, lakini dirisha likifungwa signali ni ile ile. Hiyo ndio ilimada skripti yangu hiyo Jumamosi. Nohup inaambia programu ilenge hiyo signali, basi.

Siku nne tulikuwa fiti. Siku ya tano stima ikapotea mangware, ikarudi, desktop ikawaka yenyewe vile tulikuwa tumeiseti. Skripti haikuwaka. Nohup ilikuwa imezuia mtoi asife na simu. Haikuwa na mpango wowote wa kumwamsha akishazimika.

Nikasema wacha nisome kitu ya ukweli. Nikapata buku ya W. Richard Stevens inaitwa Advanced Programming in the UNIX Environment, ya 1992. Hiyo ndio biblia ya hii mambo. Na cheki hii: huyo mse alizaliwa 1951 Luanshya, mji wa migodi ya shaba kwenye leo ni Zambia. Nilikuwa nimezoea kila buku ya kompyuta imetoka majuu, kumbe mwenye alifunza dunia kuandika dimoni alianzia maisha huku Copperbelt.

Stevens anakupea tambiko la hatua. Mi nililielewa kwa njia moja tu: ni risto ya kijana anahama kwa mathe.

Hatua ya kwanza ni fork(). Prosesi, yaani programu ikiwa inakimbia, inajigawa, zinakuwa mbili. Mzazi anapewa namba ya mtoi, mtoi anapewa sufuri, na hivyo ndio kila mtu anajua yeye ni nani. Alafu mzazi anaishia. Mtoi anabaki yatima, na kwa Unix, ukoo wa Linux na BSD, yatima hatupwi: anachukuliwa na prosesi namba 1, mhenga wa prosesi zote, yenye iliwaka kwanza.

Ya pili ni setsid(). Hapa mtoi anaanzisha nyumba yake mwenyewe. Terminali ya nyumbani si yake tena, na mathe akikata simu hakuna kitu inamfikia.

Ya tatu ni fork() tena, na hapa ndio wengi wanauliza mara ya pili ni ya nini. Ni hivi: mwenye ameanzisha nyumba ndio kiongozi wake, na kiongozi akifungua terminali yoyote kwa bahati mbaya anaweza jikuta amefungwa kwa hiyo. Kwa hivyo naye anazaa, anaishia, anaacha mjukuu. Mjukuu si kiongozi wa kitu yoyote, na hiyo ndio usalama wake.

Ya nne, chdir("/"). Hama kwa folda uliyozaliwa, nenda kwa mzizi. Ukibaki umekalia folda ya diski fulani, siku mtu anadai kuchomoa hiyo diski atakataliwa juu yako, kama mse amekwama kwa mlango wa mat na mat inadai kuingia gereji.

Ya tano, umask(0), ndio usirithi masharti ya mwenye alikuwasha kuhusu nani anaruhusiwa kusoma mafaili zako. Ya sita, funga mifereji mitatu ya kuingiza na kutoa maneno, uielekeze kwa /dev/null, lile shimo lenye halijawahi kujaa.

Nilikaa na hiyo kitu usiku tatu, kwa C, nikichoma kila dakika kumi. Blanda yenye ilinimaliza ni ya mazombi. Mtoi akidedi, keneli inaweka jina lake kwa orodha mpaka mzazi aulize, "Alikufa aje?" kwa kuita wait(). Usipouliza, jina linabaki. Hali chakula, hachapi kazi, lakini namba yake imeshikwa, kama mpangaji alihama mwaka jana na bado jina lake liko kwa kitabu cha keateka. Nilijaza orodha na mazombi zaidi ya mia mbili kabla nishtuke.

Usiku wa tatu nikaandika ps na kwa safu ya terminali nikaona alama ya kuuliza. Maana yake: hii prosesi haina terminali popote. Mzazi wake: 1. Manze, nilifurahi kama mse amepata kitambulisho.

Mdosi namba moja

Alafu nikaonyesha jamaa mmoja mwenye anachapa hii kazi kwa ofisi tao. Akacheka mosmos, si kwa madharau.

"Buda, hii ni safi. Lakini hii dansi yote mfumo unakufanyia siku hizi."

Prosesi namba 1 kwa Linux nyingi leo inaitwa systemd. Lennart Poettering na Kay Sievers waliianzisha 2010, na ilileta vita ya maneno hujawahi ona. Wazee wa Unix walisema inakula kazi ya kila mtu. Debian, aina moja ya Linux, iliifanya ya kawaida kwa toleo lake la 8, mwaka wa 2015, na wenye walikataa wakatoka wakaenda kuanzisha yao, Devuan. Hiyo vita siingii. Mi nilikuwa nadai tu waifai isizime.

Na systemd mpango ni huu. Usijifiche mwenyewe. Andika programu ya kawaida, ikae mbele, iongee kwa sauti, alafu uandike ka-faili kafupi ndani ya /etc/systemd/system, yangu niliiita waifai.service. Mstari wa ExecStart unasema amri gani inawasha. Restart=on-failure inasema ikianguka iinuliwe. User inasema inaendeshwa kwa jina la nani. WantedBy=multi-user.target inasema iwake pamoja na mfumo. Kisha systemctl daemon-reload ndio mdosi asome upya, systemctl enable ndio iwake kila wakati stima ikirudi, na systemctl start ndio ianze saa hii. Mistari kama kumi hivi. Usiku wangu tatu zikaingia hapo.

Nikaiweka na ile dimoni yangu ya C ya mahesabu ya Stevens. Ikawaka, ikadedi papo hapo. Nikawasha tena, ikadedi. Nilikaribia kutupa hiyo desktop kwa mtaro.

Kumbe systemd ilikuwa inashika mkono ya prosesi ya kwanza, yule mzazi. Mzazi anazaa, anaishia, vile tambiko linataka. Mdosi anaona mtu wake ametoka, anasema kazi imeisha, anafagia wote wamebaki kwa hiyo nyumba, mjukuu akiwemo. Kile kitu kilikuwa hekima 1992 ndio kilikuwa kinamada dimoni yangu. Nikatoa fork zote mbili, nikarudi kwa Python yangu ya mwanzo, na ikasimama.

Ukiniuliza ka nilipoteza usiku tatu, jibu ni zi. Mwenye hajawahi kuhama kwa mathe hawezi jua ni nini mdosi anambebea. Saa hii nikiona programu imekufa na dirisha, au jina la zombi kwa orodha, najua ni wapi nitaangalia. Mwenye alinakili zile mistari kumi tu anabaki akiomba Mungu.

Kufa kisoja

Hapa ndio nilikuwa nadai tufike. Kuwasha dimoni ni kazi ya jioni moja. Vile inakufa ndio inaonyesha ka ulijifunza kitu.

Wiki ya kwanza nikaongeza mstari mpya kwa kodi (ile ya kompyuta, si ya landilodi) na nikaweka na bagi ndani. Dimoni ikawaka, ikaanguka. Systemd ikaiinua. Ikaanguka. Ikainuliwa. Kwa kawaida systemd inangoja sehemu ya kumi ya sekunde kabla iinue, na ikiona umewaka mara tano ndani ya sekunde kumi inasema inatosha, inakuacha chini. Nilidhani Restart ni ngao. Si ngao. Ka shida iko ndani yako, kuinuliwa haraka ni kuanguka haraka tu. Niliweka RestartSec=5 ndio kuwe na pumzi kidogo, alafu nikaenda kusaka bagi yenyewe.

Wiki ya pili tukafanya apdeti, nikazima na kuwasha huduma upya. Dem wa flo ya pili akashuka na simu mkononi.

"Nimelipa, pesa imeenda, waifai haijakam. Nirudishie mbao yangu."

Alikuwa anasema ukweli. Alilipa ile sekunde nilikuwa nazima. Dimoni ilikuwa imeshasoma malipo yake, haijaambia rauta, na hapo ndio nikaikata shingo.

Ukiambia systemd izime huduma, haikimbilii panga. Inatuma kwanza signali namba 15, SIGTERM, yenye ni kama kubisha mlango: ndugu, panga vitu zako utoke. Kwa kawaida inakupea sekunde 90. Ukikataa kutoka ndio inatuma namba 9, SIGKILL, na hiyo hakuna programu inaweza kuilenga wala kuijibu. Keneli inakufuta tu. Mi sikuwa nimeandika kitu yoyote ya kusikiza namba 15. Na programu ya Python yenye haisikizi SIGTERM inakufa nayo papo hapo, mdomo ukiwa na chakula.

Dawa ilikuwa mistari michache: SIGTERM ikikuja, usitoke mbio, weka alama kwamba umeambiwa utoke, maliza mteja mwenye yuko mkononi, usichukue mwingine, andika mahali umefika, ndio uishie. Konkodi mzuri anafanya hivyo tu. Mat ikifika mwisho wa laini, anarudisha chenji ya watu kwanza.

Lakini stima haibishi mlango. Stima ikipotea hakuna namba 15, hakuna sekunde 90. Hapo adabu ya kutoka haisaidii, inabidi uishi ukiwa tayari umejipanga kufa. Kwa hivyo nikageuza mpangilio: malipo ikiingia, kitu ya kwanza ni kuiandika kwa diski. Ya pili ni kuambia rauta. Ya tatu ni kuweka tiki. Dimoni ikiamka baada ya giza, inaanza kwa kusoma daftari yake: nani ameandikwa na hana tiki? Inamalizana na hao kabla ichukue mpya.

Na ka inarudia mtu mwenye alikuwa ashafunguliwa? Kila malipo ya M-Pesa iko na namba yake ya herufi kumi, hakuna mbili zinafanana. Dimoni inaangalia hiyo namba. Ka iko na tiki, inapita. Ka haina, inafungua na kuhesabu masaa kuanzia wakati wa malipo, kwa hivyo hata ikifanya mara mbili jibu ni lile lile. Hiyo ndio kitu moja ningependa mtu aniambie siku ya kwanza: andika kazi yako kwa njia yenye ikirudiwa haiharibu kitu.

OB ya soja

Usiku mmoja nilipitia kwa geti nikakuta soja anaandika kwa kitabu chake. Pale Nairobi kila soja wa maana ako na OB: saa ngapi nani ameingia, ndai gani imetoka, taa gani imeungua. Nikamuuliza, "Mzee, na usiku kama huu hakuna kitu imetokea?"

"Ninaandika hakuna kitu imetokea," akasema. "Saa saba, sawa. Saa nane, sawa. Nisipoandika, kesho watajuaje sikulala?"

Nikaenda moja kwa moja kwa lapi. Dimoni yangu ilikuwa inaandika tu ikianguka. Siku njema ilikuwa inanyamaza, na kunyamaza kwa dimoni iko sawa kunafanana sana na kunyamaza kwa dimoni imekufa. Nikaongeza mstari mmoja kila dakika tano: niko hai, nimehudumia watu wangapi, wa mwisho saa ngapi.

Kwa systemd OB iko tayari. Kile programu yako inasema kwa sauti kinashikwa, na journalctl -u waifai -f inakuonyesha kikiingia. Ila kuna mtego, nikuchanue mapema. Python ikiona haiongei na terminali inaanza kubana maneno mdomoni mpaka yajae ndio itoe yote kwa pamoja. Nilikaa saa mzima nikidhani dimoni imezimia, kumbe inaongea na mimi siskii. Ongeza -u baada ya python3 kwa ule mstari wa ExecStart, itatema kila neno papo hapo.

Na usimpatie soja funguo za kila keja. Wasee wengi wanawasha dimoni kama root, yuza mwenye ruhusa zote, juu ni rahisi, hakuna kitu inakataa. Alafu siku mtu mbaya anapata kashimo kwa hiyo programu, ameingia na funguo za ploti mzima. Tengenezea dimoni yako yuza wake, mwenye hana paswadi, mwenye anafikia folda moja tu. Hiyo ndio kazi ya ule mstari wa User.

Ka unadai kuanza

Huhitaji mashine ya maana. Desktop yoyote imechoka inabeba Debian bila skrini. Usianze na biashara ya mtu vile mi nilifanya. Andika programu ya mistari mitano yenye inaandika saa kwa faili kila dakika. Iwashe kwa terminali, ufunge dirisha, uone ikidedi. Iwashe na nohup, uwashe kompyuta upya, uone haiko. Ifanyie ile tambiko la fork mbili hata ka hutaitumia tena. Ndio uipeleke kwa systemd.

Alafu anza kuimada. Itumie kill -15 ikiwa katikati ya kazi. Itumie kill -9. Jaza diski. Chomoa waya ya intaneti. Chomoa stima ukutani kabisa, na baada ya kila moja fungua daftari yake uhesabu: kuna malipo imepotea? Kuna mtu amehesabiwa mara mbili? Ukipata jibu ni hapana mara zote, hapo ndio uko na soja.

Yetu imekaa chini ya ngazi saa hii miezi saba. Imezimwa na stima mara nyingi, imeanguka na bagi zangu, na yule dem wa flo ya pili hajawahi kushuka tena na simu mkononi. Kwa hivyo buda, sista, mwenye unasoma hii ukiwa na skripti inakimbia kwa dirisha lenye unaogopa kufunga: iue mwenyewe mara kumi leo, kabla ploti mzima iamke siku moja ikikuita jina.